Seli Iitwayo Daudi

Ifakara kuna watu wanaolipwa mshahara ili wajue umri wa mbu. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka, mpaka nilipoambiwa niinamie hadubini nitazame mwenyewe. Mbu jike alikuwa amekamatwa alfajiri ndani ya nyumba ya watu. Fundi alimlaza juu ya kioo kwenye tone la maji, kisha kwa sindano mbili nyembamba akamvuta ncha ya tumbo taratibu mpaka ovari zikatoka. Akaziacha zikauke. Chini ya lenzi vikaonekana vishipa vya hewa vimejisokota kama uzi wa dukani ambao bado haujafunguliwa. "Huyu mwali," akasema. "Hajazaa." Angekuwa ameshataga hata mara moja, nyuzi zile zingekuwa zimenyooka, na zikishanyooka hazijisokoti tena.

Utaalamu huo ulitoka Urusi ya Kisovieti, kwa akina mama wawili, Detinova na Polovodova, na huku kwetu ulifanyiwa kazi kubwa zamani upande wa Muheza na Amani. Siku hizi Taasisi ya Afya Ifakara inajaribu njia nyingine: mbu anakaushwa, anamulikwa kwa mwanga wa infraredi, na kompyuta inakisia siku zake kwa namna gamba lake linavyoumeza mwanga huo. Swali limebaki lile lile. Mbu mwali hana malaria. Hata akinyonya leo jioni damu iliyojaa vimelea, vimelea hivyo vinahitaji siku 10 hadi 14 hivi mwilini mwake kabla havijafika kwenye mate, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Wanaotuua ni vikongwe. Ndiyo maana chandarua chenye dawa hakilazimiki kumaliza mbu wa bonde zima. Kinachotakiwa ni wasifikie uzee.

Nimeanza na mbu, ila ninachotaka kusimulia ni habari ya saratani na uzee wa namna nyingine, uzee wa seli. Ukisikia kwamba wataalamu wanatafuta jinsi ya kuizeesha seli ya saratani ili waitibu, utadhani ni mambo ya maabara za Marekani ambayo yatatufikia sisi mwisho kabisa. Kumbe sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika mabonde ya joto, mvua na homa kama hili la Kilombero, na baadhi ya seli zinazoitumikia mpaka leo zina majina ya watoto wa Afrika.

Turudi mwaka 1961. Ifakara wakati huo ilikuwa mji mdogo wenye hospitali kubwa kuliko mji wenyewe, ile ya Mtakatifu Fransisko ya wamisionari Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi. Jirani yake ilikuwepo maabara iliyofunguliwa mwaka 1957 na Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel. Ukoo wake ndio wenye jina la kampuni ya kemikali ambamo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, lakini Geigy mwenyewe alivutiwa zaidi na papasi na mbung'o kuliko makopo ya dawa. Kikaanzishwa pia kituo cha kufundisha wasaidizi wa tiba wa vijijini, maana Tanganyika ilikuwa inaelekea uhuru na madaktari wazalendo walihesabika kwa vidole. Maabara hiyo ndiyo mama wa taasisi ya leo.

Mwaka huo huo, Machi 22, daktari wa upasuaji kutoka Kampala alisimama mbele ya wasikilizaji katika hospitali ya Middlesex, London, akiwaonyesha picha za watoto wenye mataya yaliyovimba. Aliitwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland ya Kaskazini, mwenye jicho moja. La pili alilipoteza utotoni. Habari yake ilianza mwaka 1957 pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alipomwita amwone mtoto wa kiume wa miaka 5 hivi. Taya la mtoto lilikuwa limevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Haikuwa jipu, wala Burkitt hakuwahi kusoma uvimbe wa namna hiyo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine amekaa kwenye majani na mama yake, uso ule ule. Akatoka kumpima, akakuta na tumboni kuna vivimbe.

Ugonjwa huu, saratani ya seli za kinga ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt, una mbio za kutisha. Mara nyingi unaanza na jino linalolegea. Mzazi anadhani ni jino tu, au mtoto ameanguka. Shavu linajaa, jicho linasukumwa nje, na kila baada ya siku moja au mbili wingi wa seli zile unaweza kuwa umeongezeka maradufu. Hakuna saratani nyingine ya binadamu inayojulikana kukua kwa kasi kuizidi. Mtoto aliyekuwa akicheza wiki iliyopita anaweza asitambulike wiki hii.

Burkitt alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko upasuaji wake wote: aliuliza ugonjwa huu unaishi wapi. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni, majibu yakirudi anachomeka alama kwenye ramani. Oktoba 1961, akiwa na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, alipakia gari kuukuu aina ya Ford, wakaenda kusini mpaka Afrika Kusini na kurudi. Wiki 10, maili 10,000, hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika swali lilikuwa moja: watoto wa namna hii mnawaona hapa? Wakagundua kwamba ugonjwa una mipaka kama ya zao la shambani. Nyanda za juu hauonekani. Penye baridi haupo, penye ukame haupo. Unapatikana kwenye joto, mvua na mabonde, yaani kule kule kwenye mbu.

Weka Kilombero juu ya ramani hiyo. Ifakara haifiki mita 300 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Udzungwa inaangusha maji, mto unafurika, mpunga unastawi, na mbu nao. Katika kijiji cha Namawala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ifakara walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku mmoja. Sisi tuliokulia kwenye mabonde ya namna hii homa tulizihesabu kama misimu.

Burkitt mwanzoni alidhani mbu anabeba kirusi kinacholeta uvimbe. Alikosea, lakini alikosea mahali pazuri. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyefanya kazi Kenya, alisema pengine ni malaria yenyewe inayotayarisha njia, na Burkitt akaja kukubali. Visiwani Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, uvimbe ule ulikuwa adimu.

Kati ya waliomsikiliza pale London alikuwepo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, aliyeingia ukumbini baada ya kusoma tangazo ukutani. Alitoka ameshaamua kuacha alichokuwa akikifanya. Kwa miaka miwili na zaidi Kampala ikamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege, na kwa muda wote huo hakuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ilikuta London imefunikwa na ukungu ikageuzwa kwenda Manchester. Kichupa kilipomfikia maji yake yalikuwa yamechafuka kama ya Kilombero wakati wa masika. Mtu yeyote wa maabara angesema bakteria wameingia, angemwaga. Epstein alichukua tone moja akaliweka chini ya hadubini. Hapakuwa na bakteria. Ilikuwa ni seli za uvimbe, zimetikisika safarini zikaachana na kipande chake, zinaelea moja moja na ni nzima kabisa.

Akazilisha, zikaendelea. Zilipewa jina EB1, kwa herufi zake na za msaidizi wake Yvonne Barr. Februari 1964 alizitazama kwa hadubini ya elektroni, akaona kirusi ambacho hakijawahi kuonekana. Inasimuliwa kwamba alitoka nje akauzunguka mtaa bila koti, theluji imelala chini, ili moyo utulie. Kirusi hicho leo kinaitwa kirusi cha Epstein na Barr, na tunacho karibu sote. Huku kwetu mtoto hukipata mapema sana, aghalabu bila mzazi kujua.

Kirusi kilipata sifa zote, na ni haki yake. Lakini mimi nataka tubaki kidogo na zile seli zinazoelea, kwa sababu kule kuendelea kwao ndiyo ajabu ya pili. Miaka miwili tu kabla, katika mwaka ule ule wa 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa taasisi ya Wistar mjini Philadelphia walikuwa wamechapisha kwamba seli za kawaida za binadamu haziendelei. Zinagawanyika mara 50 hivi, kisha zinasimama. Hazijafa. Zinakula, zinapumua, lakini hazizai tena.

Hilo lilikuwa tusi kwa wakubwa wa fani. Kwa karibu nusu karne walikuwa wameamini maneno ya Alexis Carrel, Mfaransa aliyepata tuzo ya Nobel, aliyedai kwamba seli alizotoa kwenye moyo wa kifaranga mwaka 1912 zinaishi bila kikomo ndani ya chupa. Mtaalamu akiona zake zimesimama alijilaumu kwamba hajui kuzilea. Hayflick akafanya jaribio rahisi ambalo mpaka leo hunifurahisha. Alichanganya kwenye chupa moja seli za kiume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi na za kike zilizogawanyika mara chache. Chakula kimoja, joto moja, mlezi mmoja. Baada ya muda akatazama: zimebaki za kike peke yake. Tatizo halikuwa chupa wala mlezi. Kila seli ilikuwa inakumbuka umri wake.

Kumbukumbu hiyo iko kwenye ncha za kromosomu, zinazoitwa telomia. Fikiria pindo la kitenge: kila ukifua linachakaa kidogo, na nguo yenyewe haifumuki mpaka pindo liishe. Seli inapogawanyika telomia hupungua, na zikishakuwa fupi mno seli hupokea amri ya kustaafu. Kimeng'enya kinacholishona pindo upya, telomerasi, kiligunduliwa na Carol Greider na Elizabeth Blackburn siku ya Krismasi mwaka 1984 katika kijidudu cha bwawani. Wao na Jack Szostak wakapata Nobel mwaka 2009. Mwaka 1994 ikaonekana kwamba kimeng'enya hicho kimewashwa katika karibu saratani 9 kati ya 10. Seli ya saratani ina fundi cherehani wake.

Sasa zile seli za Kampala zikawa na maana mpya. Wanandoa Werner na Gertrude Henle, pia wa Philadelphia, walionyesha kwamba kirusi kile peke yake kinaweza kuzifanya seli nyeupe za damu za mtu mwenye afya ziendelee kugawanyika ndani ya chupa. Kwa maneno ya bondeni, mbu wa malaria anatafuta mtu wa kumwuma, na kirusi hiki kinatafuta seli ya kuizuia isistaafu.

Stockholm, kwa mtafiti George Klein, vipande vya uvimbe vikawa vinafika kutoka Nairobi, kwa daktari Peter Clifford. Mwaka 1967 seli za kijana mmoja wa miaka 16, zilizotolewa kwenye uvimbe wa jicho, ziliota vizuri. Kwenye lebo likaandikwa Daudi. Zikaja nyingine zikaitwa Namalwa. Kutoka Nigeria zilikuwepo Raji. Siku hizo haikuwa desturi kuomba ruhusa, kama ambavyo Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi, hakuombwa mwaka 1951 seli zake zilipogeuzwa kuwa HeLa, mashuhuri kupita zote. Namalwa alikuja kukuzwa Uingereza kwenye matangi ya maelfu ya lita ili atengenezewe interferoni, na dawa hiyo ikauzwa. Nikiyasoma majina haya katika makala za kisayansi, Daudi alipewa hiki, Daudi alijibu vile, hujikuta nimesimama kidogo. Ni kama kusikia jina la mtu wa nyumbani likitajwa kwenye redio ya nchi ya mbali.

Na watoto wenyewe walitibiwaje? Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, na kukata taya la mtoto hakukusaidia, maana uvimbe ulirudi upesi. Umaskini huo wa vifaa ndio uliofungua mlango. Burkitt kule Kampala na Clifford Nairobi wakajaribu dawa peke yake, mambo ambayo Ulaya na Marekani yalionekana ya kukata tamaa. Methotreksati, kisha siklofosfamidi, dawa ya jamii ya gesi ya haradali ya vitani iliyofugwa na wakemia Wajerumani. Dozi zilikuwa chache kwa sababu dawa zilikuwa chache. Uvimbe uliyeyuka. Watoto wengine walipewa dozi moja au mbili, wakaenda kwao, na miaka baadaye wakakutwa wazima. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu limfoma, Mmarekani John Ziegler akiwa mkuu wake. Wamarekani walipoondoka wakati wa Amin, Charles Olweny akakishika. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker kwa kuthibitisha kwamba saratani inaweza kupona kwa dawa.

Hakuna aliyejua kwa nini inapona. Siklofosfamidi inavunja DNA, hilo lilijulikana. Seli inayogawanyika upesi inaumia zaidi, na hilo pia. Lakini kati ya jeraha na kifo kulikuwa na giza.

Hapa nchini swali la malaria lilipimwa kwa njia ambayo leo ingekuwa vigumu kuirudia. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la Lyon, pamoja na wataalamu wa hapa, liligawa klorokwini kila baada ya wiki mbili kwa watoto wa chini ya miaka 10 katika tambarare za Mara Kaskazini. Wazo lilikuwa wazi: ukipunguza malaria, utapunguza Burkitt? Ugonjwa ulipungua kweli, ukafika chini kuliko miaka yote iliyorekodiwa. Bahati mbaya ulikuwa umeshaanza kushuka kabla ya dawa, na malaria yenyewe ilishuka mwanzoni tu, kisha ikarudi. Klorokwini ilikuwa inaanza kushindwa. Wenye jaribio waliandika kwa unyofu kwamba halikutoa jibu safi. Nawaheshimu kwa hilo.

Jibu lilitoka ndani ya seli. Mwaka 1972 George na Yanka Manolov, Wabulgaria waliofanya kazi kwa Klein, waliona kwamba katika seli za Burkitt kromosomu ya 14 imeongezewa kipande. Mwaka 1976 ikajulikana kimetoka namba 8, na mwaka 1982 ikajulikana kipande hicho kimebeba jeni linaloitwa MYC, linaloamuru seli igawanyike. Limeangukia karibu na jeni la kutengeneza kingamwili, ambalo katika seli hizi halizimwi. Ukiwahi kukaa kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ifakara utaelewa: ni kama fundi ameruka swichi, akaunganisha mota moja kwa moja na umeme wa nguzo.

Malaria ndiyo inayomleta fundi huyo. Vimelea vinapomsumbua mtoto mwaka hadi mwaka, seli zake za kinga hukaa kambini zikijifunza kutengeneza kingamwili, na katika kujifunza huko hukatakata DNA yao wenyewe kwa makusudi kwa kimeng'enya maalumu. Kadiri zinavyokata ndivyo uwezekano wa kushona vibaya unavyoongezeka. Kirusi cha Epstein na Barr nacho kinahakikisha kwamba seli iliyoshonwa vibaya haifi.

Lakini mwili hauna mgambo? Unao, na hapa uzee unaingia tena. Mwaka 1997, katika maabara ya Cold Spring Harbor karibu na New York, Manuel Serrano, Scott Lowe na wenzao waliingiza jeni la saratani kwenye seli za kawaida. Walitegemea zicharuke. Badala yake zilizeeka papo hapo, telomia zikiwa bado ndefu. Ilikuwa kama kijana anayetaka kuvunja nyumba akageuka mzee mlangoni. Kustaafu, kumbe, ni kinga pia. Mwili unaona seli inakimbia kupita kiasi, unaiondoa kazini.

Miaka mitano baadaye Clemens Schmitt, Lowe na wenzao walichukua panya wenye limfoma inayosukumwa na MYC, jeni lile lile la watoto wa Mulago, wakawapa siklofosfamidi, dawa ile ile. Seli nyingi zilijiua. Watafiti wakafunga njia ya kujiua. Zilizobaki hazikuendelea kukua kama ilivyotarajiwa: zilizeeka, zikasimama, zikashika rangi ya buluu ya kipimo ambacho maabara ya Judith Campisi ilikigundua mwaka 1995 kwa ajili ya seli zilizozeeka. Na panya ambao uvimbe wao uliweza kuzeeka waliishi muda mrefu kuliko wale ambao uvimbe wao haukuweza. Kwa hiyo dawa ina milango miwili. Seli inaweza kufa, ikishindwa kufa inaweza kuzeeshwa.

Tusidanganyane hapo. Kwa mtoto wa Burkitt kazi kubwa inafanywa na kifo. Seli zinakufa kwa wingi mpaka takataka zake zinaweza kuziba figo, ndiyo maana muuguzi wodini anaangalia dripu na kupima mkojo kabla hata ya kuuliza kama uvimbe umepungua. Uzee ni mlango wa akiba, na una matatizo yake.

Uswahilini tuna neno la kitu ambacho hakijafa wala hakiishi: msukule. Seli iliyozeeka ni msukule. Haizai, ila haiondoki, na ikikaa muda mrefu inatoa kemikali za uvimbe-moto zinazowaudhi majirani. Mwaka 2017 kundi la Campisi lilionyesha kwa panya kwamba misukule inayoachwa na dawa za saratani inachangia uchovu wa mgonjwa na hata kurudi kwa ugonjwa. Mwaka uliofuata kundi la Schmitt, sasa likiwa Berlin, likatoa habari mbaya zaidi: seli ya limfoma iliyozeeshwa, kisha ikafanikiwa kutoroka uzee huo, inarudi ikiwa kali kuliko ilivyoondoka. Tangu hapo wengi wanafikiri juu ya tiba ya hatua mbili: kwanza uizeeshe seli, halafu upesi, kabla haijaamka, uilete dawa ya pili ya kuwafagia misukule. Dawa za kufagia zinajaribiwa. Hazijawa kitu cha kumwambia mzazi wodini.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linaturudisha bondeni. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden walichapisha kwamba ndege wa porini wenye malaria sugu, hata wasioonekana wagonjwa, telomia zao hufupika haraka na huishi muda mfupi. Mwaka 2018 wakaeleza habari za wasafiri waliorudi Sweden na malaria: telomia za seli zao za damu zilifupika baada ya ugonjwa, kisha zikarefuka tena ndani ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa kupumzika. Niliposoma hivyo niliwakumbuka watu wa Namawala na usiku wao 300.

Bonde halikukaa hivyo. Mwaka 1997 mradi ulioitwa KINET ulianza kuuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu, kupitia wenye maduka na viongozi wa vijiji. Mwaka 2001 ikachapishwa kwamba watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliokuwa na vyandarua walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi kwa asilimia 27. Malaria imeshuka sana tangu enzi hizo, ingawa haijaisha. Burkitt bado ipo. Mtoto wa Ifakara mwenye jino lililolegea na shavu linalojaa bado anatakiwa afikishwe hospitali kubwa kama Muhimbili, safari ya kilomita zaidi ya 400, na kila siku inayopotea kwa kung'oa jino uvimbe unaitumia.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Epstein alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 102, na Hayflick, aliyetufundisha kwamba seli zinahesabu siku zao, akafuata Agosti mwaka huo huo akiwa na miaka 96. Daudi yumo kwenye benki za seli, ndani ya naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Maabara inayomhitaji inaagiza, anasafirishwa, anapashwa joto, anaanza tena kugawanyika. Kwenye katalogi, penye nafasi ya umri, wameandika: miaka 16.